Kukosa kozi chuoni: Njia zilizobaki kwa watahiniwa wa Kisii na Nyamira

MATOKEO ya mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne (KCSE) yanapotangazwa, nderemo husikika kutoka Ogembo hadi Nyansiongo. Walimu huimba langoni pa shule, mtahiniwa hubebwa mabegani na majirani humiminika nyumbani kwao kunywa chai. Miezi kadhaa baadaye huja habari ya pili, nayo haina ngoma. Ni ujumbe mfupi wa simu unaomweleza kijana kozi na chuo alichoteuliwa kujiunga nacho. Hapo ndipo aliyepata B na kutamani uuguzi hugundua kwamba jina lake limeangukia kozi nyingine kabisa, na aliyepata A- hufahamishwa kuwa nafasi za udaktari zimewatosha wengine.

Kwa familia nyingi za Gusii, pigo hilo la pili huwa zito kuliko la mtihani wenyewe. Sherehe imekwisha kufanywa, na kijiji kizima kimetangaziwa kuwa daktari au wakili amepatikana. Jambo lisiloelezwa vya kutosha ni kwamba uteuzi huo si hukumu ya akili ya mtoto. Ni mashindano ya nafasi chache katika kozi chache, na sehemu kubwa ya matokeo yake hutegemea jinsi mtahiniwa alivyoyapanga machaguo yake kabla ya tarehe ya mwisho. Aliyepanga vyema hupata mahali pa kuangukia. Aliyeweka matumaini yote katika kozi moja huanguka chini.

Siku za kwanza

Kijana aliyekosa kozi aliyoitamani hukumbwa na aibu, kisha hasira, kisha ukimya. Ukimya ndio wa kuogopwa. Anayelia mbele ya mamake atatulizwa. Anayezima simu, akaacha kwenda kanisani na sokoni, akakosa usingizi na hamu ya chakula kwa wiki nzima, anahitaji mtu wa kuketi naye. Akianza kusema kuwa maisha yake hayana maana, au kwamba familia ingekuwa heri bila yeye, maneno hayo yasichukuliwe kuwa ya kitoto. Mwalimu mshauri wa shule aliyotoka, mchungaji au padri, na wahudumu wa kituo cha afya kilicho karibu wapo kwa ajili hiyo. Aliye chini ya umri wa miaka 18 anaweza pia kupiga nambari 116, ambayo ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto kote nchini.

Mzazi naye ana mzigo wake. Katika boma ambalo mtoto wa kwanza huhesabiwa kuwa ngazi ya wadogo zake, ni rahisi baba kutamka maneno ambayo baadaye atayajutia, hasa ikiwa mtoto wa ndugu yake ameteuliwa kwenda Nairobi kusomea uhandisi. Kuwalinganisha watoto hao wawili mbele ya wageni hakumwongezei yeyote alama. Isitoshe, wiki hiyo ya kwanza si wakati wa kuuza ng'ombe wala kipande cha shamba ili kulipia chuo cha kwanza kinachotangaza kuwa kina nafasi. Kuna waliouza, wakalipia muhula mmoja, kisha wakakosa karo ya muhula wa pili. Hao walipoteza shamba na chuo kwa pamoja.

Ugumu ni kwamba huzuni na tarehe za mwisho huja pamoja. Kipindi cha kurekebisha machaguo na kile cha kuomba uhamisho huwa vifupi, na kijana aliyejifungia chumbani havisubiriwi. Ndiyo maana inafaa mtu wa tatu asiye na hasira, kama vile mjomba, dada mkubwa aliyepitia chuoni au mwalimu wa zamani, apewe kazi ya kusoma maagizo na kuhesabu siku, huku mwenye huzuni akipewa nafasi ya kuhuzunika.

Kutoka idadi ya vitanda hadi ushindani wa kozi

Wazazi waliosoma miaka ya 1990 na 2000 huielewa habari ya kukosa nafasi kwa namna ambayo haipo tena. Wakati huo uteuzi ulifanywa na Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB), ambayo iliwachukua wanafunzi kulingana na idadi ya vitanda vilivyokuwamo katika vyuo vikuu vya umma. Alama ya C+ ilikuwa kiwango cha chini kwa mujibu wa kanuni, lakini kiwango halisi kilipanda juu zaidi, na maelfu ya waliohitimu waliachwa nje. Waliochukuliwa nao walisubiri muda mrefu nyumbani kabla ya kuitwa. Mrundiko huo ulikuwa mkubwa hivi kwamba mwaka 2011 ilibidi vyuo viagizwe kuwasajili wanafunzi wa miaka miwili kwa pamoja.

Walioachwa walikuwa na njia ya kulipa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mpango wa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1998, na vyuo vingine vikafuata. Kampasi zilichipuka juu ya maduka na benki katika miji mingi, Kisii ukiwemo, na mzazi mwenye majani chai au duka akaweza kumsomesha mwanawe bila kuingoja serikali. Wengine walivuka mpaka hadi Uganda, ambako karo ilikuwa nafuu.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliiondoa bodi hiyo na kuleta shirika la kuwateua wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kadri, KUCCPS, ambalo lilifanya uteuzi wake wa kwanza mwaka 2014. Vitanda vikaacha kuwa kipimo. Kisha kukaja mshtuko wa mwaka 2016. Chini ya Waziri Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira, usimamizi wa mtihani ulikazwa, na idadi ya waliopata C+ na zaidi ikaporomoka kutoka 169,492 mwaka 2015 hadi 88,929. Ghafla vyuo vikawa na nafasi nyingi kuliko wanafunzi, mipango ya kujilipia ikakauka, na kampasi nyingi za mjini zikafungwa.

Idadi hiyo imepanda tena tangu hapo. Katika mtihani wa mwaka 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi. Hata hivyo, hali haijarudi ilivyokuwa enzi ya JAB. Mwenye C+ anayetuma maombi yake kwa wakati kwa kawaida hupata nafasi ya shahada mahali fulani. Maswali yaliyobaki ni matatu, na ndiyo magumu: atasomea nini, wapi, na kwa fedha za nani.

Namna kozi inavyopotea

Wengi hudhani kuwa alama ya jumla ndiyo inayoamua. Sivyo. Mtahiniwa hupimwa kwa masomo 7, kila somo likiwa na pointi 12, hivyo jumla ya juu kabisa ni 84. Tangu mtihani wa mwaka 2023, alama hiyo hutokana na Hisabati, lugha moja aliyoifanya vyema zaidi, na masomo mengine matano yenye alama bora. Lakini kila kozi ya shahada huwa na kundi lake la masomo manne, ambayo jumla yake ni pointi 48. Uhandisi hutazama Hisabati, Fizikia na Kemia kwa jicho kali. Udaktari na uuguzi huanza na Biolojia na Kemia. Sheria huzipa lugha uzito. Alama za kundi hilo huchanganywa na alama za jumla, ndipo mtahiniwa apate kipimo cha kushindania kozi hiyo.

Kwa mfano, mtahiniwa mwenye pointi 60 kati ya 84, yaani B, akiwa na pointi 36 katika masomo manne ya kozi fulani, atakuwa na takriban alama 35 kati ya 48 kwa hesabu ya msingi: 36 hugawanywa kwa 48, 60 kwa 84, majibu hayo mawili huzidishwa, kipeuo chake cha pili hutafutwa, kisha huzidishwa kwa 48. Haya ni makadirio tu, kwani alama rasmi huonekana katika akaunti ya kila mtahiniwa kwenye mtandao wa KUCCPS. Mwenzake mwenye B hiyo hiyo lakini aliyepata pointi 42 katika masomo hayo manne atafikisha takriban 38. Wawili hao wamepigiwa makofi sawa siku ya matokeo, ila mmoja atapata kozi na mwingine ataikosa.

Alama za mchujo, yaani zile alizokuwa nazo mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi, hazipangwi mapema na mtu yeyote. Hutokana na walioomba mwaka huo. Kozi moja huweza kuwa na mchujo tofauti katika vyuo vitano, na chuo kimoja kubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa udaktari katika vyuo vikubwa mchujo huzidi 40, na hapo pengo la nusu alama humtoa mtu. Shule za eneo hili zinapofanya vizuri kwa pamoja, kama zilivyofanya katika mtihani wa mwaka 2022 ambapo Nyambaria ya Nyamira iliripotiwa kuwa miongoni mwa shule zilizoongoza nchini, vijana wa kijiji kimoja hujikuta wakishindania viti vilevile, kwa sababu karibu wote wameambiwa na wazazi wao kuwa kozi zenye heshima ni tatu au nne tu.

Machaguo sita

Mwombaji wa shahada huruhusiwa kuorodhesha hadi machaguo sita. Kosa kubwa linalofanywa ni kuyajaza yote kwa kozi moja katika vyuo vyenye mchujo wa juu, au kuandika kozi mbili za juu na kuziacha nafasi nyingine zijazwe na mwenye saibakafe. Huyo wa saibakafe ana foleni ya watu kumi mlangoni. Hajui kwamba kijana anaogopa damu au kwamba hapendi hesabu.

Orodha iliyofikiriwa huwa na ngazi. Machaguo ya juu ni yale anayoyatamani ingawa mchujo wa mwaka uliopita ulimzidi kidogo, kwa kuwa huenda ukashuka. Ya katikati ni yale ambayo alama zake zinalingana na mchujo. Ya mwisho ni ya usalama, ambayo alama zake zinauzidi mchujo kwa kiasi cha kutosha kiasi kwamba hata ukipanda hataachwa nje. Chaguo la usalama halina budi kuwa kozi ambayo kijana yuko tayari kuisoma kwa miaka minne, katika chuo ambacho familia inaweza kukimudu. Kozi aliyoiandika ili tu nafasi isibaki wazi haimpi usalama wowote. Wengi wa wanaoacha masomo mwaka wa kwanza hawakushindwa na masomo. Walipewa chaguo lao la mwisho, na hawakuwahi kulitazama sawasawa.

Waswahili husema mchagua nazi hupata koroma. Katika jambo hili methali hiyo ina ukweli nusu. Asiyechagua kabisa hupata koroma upesi zaidi.

Baada ya maombi ya awamu ya kwanza kupitiwa, mtahiniwa huweza kuona kama machaguo yake yalifaulu, na kipindi cha marekebisho hufunguliwa kwa ambao hawakupata. Hapo mchujo huwa umeanza kuonekana na kozi zenye nafasi zilizobaki hutajwa. Hicho ndicho kipindi chenye manufaa makubwa kuliko vyote, na ndicho kinachopuuzwa, kwa maana wengi huwa wamekata tamaa au wanangoja mtu anayedai kuwa na jamaa Nairobi wa "kuwasukumia" jina. Mfumo huwapanga waombaji kwa alama. Anayepokea pesa ili abadilishe jambo hilo anauza hewa.

Chuo cha nyumbani

Kwa vijana wengi wa kaunti hizi mbili, jina linaloandikwa mwisho ni la Chuo Kikuu cha Kisii. Si kwa sababu kina kasoro, bali kwa sababu kinaonekana kutoka barabarani kila siku ya soko. Jambo lililo karibu halitishi, na lisilotisha huonekana halina hadhi. Wenzao kutoka Mombasa au Kitale hukiandika juu ya orodha bila haya.

Historia ya chuo hicho yenyewe ni ya kupanda ngazi. Kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, katika ardhi ya ekari 61 iliyotolewa na baraza la wilaya la Gusii wakati huo. Mwaka 1983 kilianza kuwafunza walimu wa sekondari kwa kiwango cha stashahada. Mwaka 1994 kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton, mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki, na Februari 2013 Rais Mwai Kibaki akakikabidhi hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Sasa kinafundisha udaktari na sheria miongoni mwa kozi nyingine, na mchujo wa kozi hizo si wa mchezo. Anayekiandika kama chaguo la usalama kwa udaktari huwa amekosea hesabu. Usalama umo katika kozi, si katika ukaribu wa lango.

Kipo pia cha kukumbukwa. Chuo hicho kilitanuka haraka, na Januari 2016 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) ikaagiza kifunge kampasi 10 kati ya 13 ilizokuwa nazo nje. Maelfu ya wanafunzi walibaki wakijiuliza watamalizia wapi. Mtahiniwa anayechagua chuo chochote, cha umma au cha kibinafsi, anafaa kufahamu kozi yake itafundishwa katika kampasi ipi hasa.

Faida ya kusomea nyumbani ni wazi: hakuna kodi ya chumba, nauli ni ya matatu fupi, na chakula kinatoka shambani. Hasara yake husemwa kwa nadra. Mwanafunzi anayelala nyumbani huamshwa alfajiri kuchuma majani chai, hutumwa kisimani au sokoni, na siku ya mtihani huenda ikawa siku ya matanga ya jirani. Familia inayomweka mtoto nyumbani ili kuokoa pesa inapaswa kumpa pia saa za kusoma, la sivyo akiba hiyo italipwa kwa alama.

Wanaotaka kutoka kidogo bila kwenda mbali wana vyuo vya jirani: Rongo katika Kaunti ya Migori, kilichopata hati mwaka 2016, Maasai Mara mjini Narok na Kabianga katika Kaunti ya Kericho, vilivyopata hati zao mwaka 2013, na Maseno kilicho kikongwe kati yavyo. Mchujo wa kozi kama ualimu, biashara na kilimo katika vyuo hivi mara nyingi huwa chini ya ule wa vyuo vya Nairobi, ambako kila mtu anataka kwenda, na cheti chao hakina alama ya kuonyesha mchujo.

Karo na bonasi ya chai

Kozi aliyoipata kijana haina faida ikiwa atarudishwa nyumbani Novemba. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 uligawanya gharama katika sehemu tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), na mchango wa familia. Kwa mujibu wa viwango vilivyotangazwa mwaka 2024, familia maskini zaidi ilitarajiwa kulipa asilimia 5 ya karo katika chuo cha umma, na iliyo na uwezo zaidi asilimia 40. Mfumo huo ulilalamikiwa sana kwa kuwaweka watoto wa wakulima wadogo katika viwango vya matajiri. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, na serikali ikakata rufaa. Familia yoyote inafaa kuuliza kanuni za mwaka wenyewe kabla ya kupiga hesabu, na kukata rufaa kuhusu kiwango iliyowekwa ikiwa hakilingani na hali yake.

Tofauti moja huwashtua wazazi wakiwa wamechelewa. KUCCPS huwateua pia wanafunzi katika vyuo vikuu vya kibinafsi, jambo lililoanza mwaka 2016. Chini ya mfumo wa 2023, aliyekwenda huko aliweza kuomba mkopo lakini si ufadhili wa serikali. Kwa hivyo kozi ya usalama katika chuo cha kibinafsi huenda ikawa ghali kuliko kozi ya juu katika chuo cha umma.

Kwa mkulima wa chai kuna shida ya kalenda. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti chuoni Agosti au Septemba, ilhali malipo ya pili ya majani, yaani bonasi, hutolewa Oktoba. Mkulima anayepeleka majani Kebirigo, Sanganyi, Kiamokama au Nyamache hupata pesa wiki kadhaa baada ya kuzihitaji, na kwa kawaida bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ya eneo la Mlima Kenya. Hapo ndipo wakopeshaji wa mtaani hupata wateja wao. Mzazi anayeifahamu kalenda hiyo huanza kuweka akiba katika chama au sako tangu Januari, huomba basari ya kaunti na ya eneo bunge mapema, na huuliza chuo kama kinakubali karo ya muhula wa kwanza ilipwe kwa awamu. Vyuo vingi hukubali, lakini kwa anayeuliza kabla ya siku ya kuripoti.

Stashahada si adhabu

Kuna wale ambao hawakupata C+, na wale walioipata lakini kozi ya shahada waliyoitaka imewakataa. Kwa wote wawili stashahada ni njia, ingawa katika mikutano mingi ya familia hutajwa kwa sauti ya chini. Kiwango cha jumla cha kujiunga nayo ni C-. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu nchini (KMTC), chenye kampasi Kisii na Nyamira, hufundisha uuguzi na utabibu miongoni mwa kozi nyingine, na waombaji wake sasa huteuliwa kupitia KUCCPS. Kijana mwenye B aliyekosa shahada ya uuguzi huweza kusomea stashahada yake, akafanya kazi, kisha akajiunga na shahada akiwa na uzoefu wa wodini. Njia hiyo ni ndefu, ila haimtoi katika taaluma aliyoipenda.

Katika ufundi, Taasisi ya Kitaifa ya Kisii, iliyofahamika kama Gusii Institute of Technology hadi ilipopandishwa hadhi mwaka 2016, ndiyo kubwa zaidi katika eneo hili. Zipo pia taasisi za Keroka, mpakani mwa kaunti hizi mbili, na Ekerubo Gietai katika Kaunti ya Nyamira. Fundi wa umeme aliyefuzu vyema katika eneo linalojengwa kwa kasi kama mji wa Kisii hakosi kazi kwa muda mrefu. Mwenye shahada asiyoipenda hawezi kusema hivyo kila mara.

Kurudia mtihani, ambako zamani kulikuwa dawa ya kwanza ya kila mzazi, kunazidi kuwa njia nyembamba. KCSE ya mwisho ya wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa mwaka 2027. Anayefikiria kurudia ajiulize kwa unyofu ni somo gani lililomwangusha na kama kuna sababu ya kuamini kuwa litapanda kwa daraja mbili au zaidi. Ikiwa alikuwa mgonjwa au alifiwa wakati wa mtihani, kuna sababu. Ikiwa alisoma kwa bidii na kupata alama ileile aliyokuwa akipata shuleni, mwaka huo ungetumika vizuri zaidi chuoni.

Kabla ya kulipa

Mambo mawili yachunguzwe kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni. La kwanza ni idhini ya kozi yenyewe, mbali na ya chuo. CUE huidhinisha shahada, na mamlaka ya mafunzo ya ufundi (TVETA) huidhinisha taasisi za stashahada na vyeti. Kwa taaluma kama uhandisi, uuguzi, sheria na ufamasia, ni lazima pia mtu aulize kama bodi ya taaluma hiyo inawasajili wahitimu wa chuo husika. Si hofu ya bure. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi waliokataliwa usajili walipigania haki yao hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa uamuzi mwaka 2018, miaka mingi baada ya wao kuvua majoho.

La pili ni barua ya kujiunga. Barua halali hupakuliwa kutoka mtandao wa chuo chenyewe kwa kutumia nambari ya mtihani, na karo huingizwa katika akaunti ya benki ya chuo au mfumo wa malipo ya serikali, kamwe si katika simu ya mtu. Ombi la kwanza katika KUCCPS hugharimu Sh1,500. Anayedai maelfu zaidi ili "kufungua faili" aachwe.

Aliyeteuliwa mahali asipopataka bado ana nafasi mbili za kuhama. Ya kwanza ni uhamisho kutoka chuo kimoja hadi kingine, unaoombwa kupitia akaunti yake ya KUCCPS katika kipindi kilichotangazwa. Hukubaliwa ikiwa alama zake zinafikia mchujo wa mwaka huo katika kozi anayoitaka na chuo kina nafasi. Usiache mbachao kwa msala upitao: nafasi ya kwanza hubaki yake hadi ombi likubaliwe. Ya pili ni kubadilisha kozi ndani ya chuo kilekile, jambo linaloshughulikiwa na chuo chenyewe katika wiki za mwanzo za muhula, na hapo pia sharti ni alama na nafasi. Kwa hiyo anayesubiri jibu la uhamisho hashauriwi kubaki nyumbani. Huripoti kama wengine, akiwa na hati halisi ya matokeo, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na nakala za barua yake ya uteuzi, husajiliwa na huanza kuhudhuria vipindi. Jibu likija la kukubali, huhama. Likija la kukataa, huwa hajapoteza muhula.